Kurejesha au Kuacha: Historia ya Swali Moja kuhusu Magari ya Misuli ya Marekani

Magari ya misuli ni jina la kundi la magari yaliyotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1964 na miaka ya mwanzo ya 1970, ambayo bodi yake ilikuwa ya ukubwa wa kati, ya aina iliyonunuliwa na familia za kipato cha kawaida, ilhali injini yake ilikuwa ile kubwa ya silinda nane iliyokusudiwa magari mazito zaidi. Yaliyosalia leo yamepitisha zaidi ya nusu karne, na mengi kati yake yamesimama miaka mingi bandani, uani au shambani, rangi ikiwa imepauka, viti vimepasuka na bati limeanza kuliwa na kutu. Mwenye gari la namna hiyo hana budi kuamua kama alivue lote hadi bati tupu na kulijenga upya, au alitengeneze kiasi cha kulifanya liende na lisimame salama, kisha aliache na sura yake ya uzee. Uamuzi huo huonekana kuwa wa fundi na wa mfuko tu, lakini una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na historia hiyo inaonyesha kwamba kazi iliyosifiwa katika miaka ya 1980 kuwa ni uokoaji ilikuja kuhesabiwa, na watu walewale wa fani hiyo, kuwa ni ufutaji wa ushahidi.

Namna magari haya yalivyozaliwa inaeleza sehemu kubwa ya mabishano hayo. Ni kweli kwamba Oldsmobile Rocket 88 ya mwaka 1949 ilitangulia kuunganisha injini yenye nguvu na bodi nyepesi, lakini kwa kawaida hesabu huanzia kwa Pontiac GTO ya 1964. Kampuni mama ya Pontiac, General Motors, ilikuwa na kanuni ya ndani iliyokataza magari yake ya ukubwa wa kati kuwekewa injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani takriban lita 5.4. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac, pamoja na wenzake Bill Collins na Russ Gee, waliikwepa kanuni hiyo kwa kuifanya injini ya inchi za ujazo 389 kuwa nyongeza tu, ambayo mnunuzi wa gari la Tempest LeMans angeweza kuiagiza kwa kulipia zaidi. Injini hiyo ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 325, au 348 ilipofungwa kabureta tatu. Wakubwa wa Pontiac walikubali kutengeneza magari 5,000. Katika mwaka huo wa kwanza yaliuzwa 32,450, na washindani wakalazimika kujibu.

Majibu yao yalitofautiana kwa sura, lakini yalifanana katika jambo moja lililokuja kuwa kiini cha mabishano ya baadaye, nalo ni unafuu wa bei. Plymouth Road Runner ya 1968 ilianza kuuzwa kwa chini ya dola 3,000, ikiwa na kiti cha mbele kirefu kisichogawanywa na sakafu ya mpira badala ya zulia, ili fedha ya mnunuzi iishie kwenye injini na gia. Viwandani, mstari wa uundaji haukumsubiri mtu: rangi ilipulizwa upesi, ikatiririka hapa na kupungua pale, milango ilikaa kwenye bodi kwa mianya isiyolingana, na wakaguzi waliandika alama zao kwa chaki na kalamu ya nta juu ya ekseli na kwenye ukuta wa nyuma ya injini, wala hakuna aliyejisumbua kuzifuta. Gari lilikusudiwa kutumika miaka michache, kisha libadilishwe kwa jipya. Kwa hiyo yeyote anayesema anataka kulirudisha gari la misuli katika hali ya upya anapaswa kuulizwa ni upya upi, kwa sababu upya wa kiwandani haukuwa na mng'ao unaoonekana leo kwenye majukwaa ya maonyesho.

Kilele kilifika mwaka 1970, General Motors ilipoacha kuyawekea mipaka magari yake ya ukubwa wa kati na Chevrolet ikauza Chevelle SS yenye injini ya inchi za ujazo 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Mwisho ulifuata haraka. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka huohuo. Mwaka 1971 General Motors ilishusha uwiano wa mgandamizo wa injini zake, yaani kiasi ambacho mchanganyiko wa petroli na hewa hubanwa kabla ya kuwaka, ili zitumie petroli yenye madini ya risasi kidogo. Makampuni ya bima yalipandisha ada kwa madereva vijana. Na mwaka 1972 viwanda vilianza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, hivyo takwimu zikaporomoka hata pale ambapo injini haikubadilika. Nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta kwenda Marekani mwezi Oktoba 1973, magari haya yalikuwa tayari yamekwisha nguvu sokoni.

Kwa miaka kumi hivi iliyofuata, gari la misuli lilikuwa gari kuukuu linalokula petroli. Vijana walilinunua kwa bei ya kutupa, wakalikimbiza mashindano ya mitaani, injini ikaungua, na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine iliyong'olewa kwenye gari lililopata ajali. Kipindi cha televisheni cha The Dukes of Hazzard, kilichoonyeshwa kuanzia 1979 hadi 1985, kiliharibu takriban magari 300 ya Dodge Charger kwa kuyarusha hewani, na wakati huo hakuna aliyeona kwamba kuna kitu cha thamani kinachopotea. Jambo hili ni la msingi, kwa kuwa uhaba unaozungumzwa leo haukuletwa na uchache wa magari yaliyotengenezwa, bali na kipindi hicho cha kudharauliwa.

Mambo yaligeuka pale waliokuwa wanafunzi mwaka 1968 walipofika umri wa kuwa na fedha na kuanza kuyatafuta magari waliyoyatamani wakiwa shuleni. Hapo ndipo neno kurejesha lilipopata maana yake ya kifani, ambayo haina budi kutofautishwa na maneno mawili jirani yake. Ukarabati hurudisha uwezo wa kitu kufanya kazi. Uhifadhi huzuia uharibifu usiendelee. Urejeshaji hukusudia kukirudisha kitu katika hali kiliyokuwa nayo siku fulani iliyopita, na kwa gari siku hiyo huwa ile lilipotoka kiwandani. Katika miaka ya 1980 na 1990 karibu kila gari la misuli lililopata mwenye uwezo lilirejeshwa. Swali la kuacha halikuulizwa, kwa kuwa uchakavu ulihesabiwa kuwa aibu ya mwenye gari.

Ni haki kuongeza kwamba kutu yenyewe mara nyingi haikuacha nafasi ya kuuliza. Katika majimbo ya kaskazini, kama Michigan, Ohio na Pennsylvania, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na maji ya chumvi hurukia chini ya gari na kukaa katika pembe zisizoonekana. Athari yake hutegemea muundo. Magari ya General Motors ya ukubwa wa kati, kama GTO na Chevelle, yalikuwa na fremu ya chuma iliyo peke yake, na bodi ikafungwa juu yake kwa bolti, hivyo bodi iliyooza inaweza kuinuliwa na kutengenezwa pembeni. Magari ya Chrysler ya kundi hili, pamoja na Ford Mustang, hayakuwa na fremu hiyo: bodi yenyewe ndiyo mhimili, na sakafu au kingo za chini zikioza, gari zima hupoteza uthabiti. Mustang ina udhaifu mwingine unaojulikana sana na mafundi bodi, nao ni njia ya hewa iliyo chini ya kioo cha mbele, ambayo hukusanya maji na majani, ikaoza kutoka ndani na kuanza kuvujisha maji kwenye miguu ya abiria bila dalili yoyote ya nje. Paa lililofunikwa vinaili, lililokuwa mtindo wa wakati huo, hunasa unyevu juu ya bati na kulitoboa kuzunguka kioo cha nyuma. Kwa upande mwingine, magari yaliyoishi Arizona au katika maeneo makavu ya California huwa na bati zima, ila jua huwa limepasua dashibodi na kuunguza rangi hadi chuma kinaonekana. Fundi anayejua kazi yake huanza kwa kutenganisha kutu ya juu, ambayo imekaa usoni mwa bati na inaweza kuzuiwa, na kutu iliyotoboa, ambayo dawa yake ni kukata na kuchomelea bati jipya.

Rangi nayo ina somo lake. General Motors ilitumia laka ya akriliki, rangi inayokauka kimiminika chake kinapogeuka mvuke, ambayo hupauka na kupasuka upesi lakini hukubali kung'arishwa tena. Ford na Chrysler walitumia enameli iliyookwa katika tanuri. Rangi za leo hupakwa kwa tabaka la rangi na juu yake tabaka angavu, na hutoa kina cha mng'ao ambacho hakuna gari la 1969 lililotoka nacho kiwandani. Msasa ukishapita, rangi ya kwanza imekwenda, na hakuna fundi wala fedha inayoweza kuirudisha. Kinachowezekana ni kutengeneza mfano wake.

Soko lilipokua, ushahidi ulipata bei. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu ya nambari ya utambulisho wa gari ilipigwa pia kwenye injini na gia, na gari ambalo nambari hizo zinalingana hulipiwa zaidi kuliko lile lililobadilishiwa injini. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971, moja kati ya 11 tu zilizotengenezwa mwaka huo, iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Bei za namna hiyo zilizaa udanganyifu: Chevelle Malibu ya kawaida ilivishwa nembo na boneti ya SS na kuuzwa kama SS halisi. Kwa Pontiac na Ford udanganyifu huo hugunduliwa kwa urahisi, maana kumbukumbu za viwanda vyao kwa sehemu kubwa zimesalia na nakala zake hutolewa kwa malipo, lakini kwa Chevrolet zilizoundwa Marekani kumbukumbu za gari mojamoja kwa kiasi kikubwa hazipo, hivyo ushahidi wa pekee mara nyingi ni karatasi ya uundaji ambayo mfanyakazi aliichomeka kwenye springi za kiti au juu ya tangi la petroli miaka zaidi ya hamsini iliyopita. Wengi waliofungua magari yao kwa haraka walitupa karatasi hizo pamoja na sifongo iliyooza.

Wakati huohuo biashara ya vipuri vilivyotengenezwa upya ilipanuka kutoka vibanio na mipira ya milango hadi sakafu, mabawa na milango mizima, na katika muongo wa kwanza wa karne hii ikafika hatua ya kampuni ya Dynacorn kuuza bodi nzima mpya za Camaro na Mustang za miaka ya 1960. Urejeshaji ulivuka mpaka wake bila mtu kutangaza. Magari yalitoka karakana yakiwa yamenyooka kuliko yalivyowahi kunyooka, mianya ya milango imelingana, chini ya bodi kumepakwa rangi laini kama juu. Wasomaji wa Nairobi wanaoyajua mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, watautambua mtindo wa waamuzi kuinama chini ya gari kutafuta tone la mafuta. Marekani mtindo huo ulifika mahali ambapo gari lilisafirishwa kwa lori hadi uwanjani ili lisiguse barabara.

Upinzani ulianza miongoni mwa wapenzi wa Chevrolet Corvette, ambayo ni gari la michezo na si gari la misuli kwa maana kamili, lakini wafuasi wake walikuwa na nidhamu ya kumbukumbu kuliko wengine. Chama chao cha warejeshaji, kilichoundwa mwaka 1974, kilipima gari kwa kulilinganisha na lilivyotoka kiwandani, na kulipunguzia alama likiwa bora kuliko hapo. Mwaka 1990 maonyesho ya Bloomington Gold ya Illinois yalikwenda mbele zaidi kwa kuanzisha cheti cha gari lililonusurika. Ili gari lipewe cheti hicho, zaidi ya nusu yake iwe haijarejeshwa, liweze kwenda barabarani lenyewe, na hali yake iwe nzuri kiasi cha kutumika kuwa kielelezo cha kurejeshea mengine. Sharti hilo la mwisho ndilo lililofichua kinaya cha jambo lote. Warejeshaji walikuwa wameanza kutafuta magari yasiyoguswa ili wapige picha alama za chaki, michirizi ya rangi na rangi za bolti, kisha wazinakili katika magari waliyokuwa wameyafuta alama hizo wao wenyewe. Thamani ya lililoachwa iliumbwa na wingi wa yaliyorejeshwa.

Hoja hii haikuwa mpya nje ya gereji. Mwezi Mei 1964, wiki chache baada ya Ford kuionyesha Mustang kwa mara ya kwanza katika Maonyesho ya Dunia ya New York, wasanifu na wahifadhi wa majengo ya kale walikutana Italia na kuandika Mkataba wa Venice, uliowataka warejeshaji wa majengo wasiende mbele ya ushahidi walio nao na waheshimu michango ya kila kipindi cha maisha ya jengo. Ilichukua karibu nusu karne misingi hiyo kuhamia kwenye magari, pale FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilipokubaliana kuhusu Mkataba wa Turin mwaka 2012. Huko Philadelphia, daktari wa upasuaji wa ubongo Frederick Simeone, aliyekusanya magari ya mbio na kuyafungulia jumba la makumbusho, alitetea mwelekeo uleule. Gari lake la Shelby Cobra Daytona, ambalo halijarejeshwa, lilikuwa la kwanza kuingizwa katika Rejista ya Kitaifa ya Magari ya Kihistoria ya Marekani mwezi Januari 2014.

Hakuna mfano unaoonyesha njia hizi mbili vizuri kuliko Mustang mbili za kijani zilizotumika katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, zote zikiwa za aina ya GT yenye injini ya inchi za ujazo 390. Moja, iliyoendeshwa na Steve McQueen katika picha za karibu, ilinunuliwa mwaka 1974 na familia ya kawaida kwa dola 6,000 baada ya kutangazwa jaridani. Mama wa familia hiyo, aliyekuwa mwalimu, aliiendesha kwenda kazini hadi klachi ilipokufa karibu mwaka 1980, kisha gari likafichwa. McQueen mwenyewe aliomba kulinunua mwaka 1977 na hakufanikiwa. Lingetolewa hadharani mwaka 1978, lingekuwa gari kuukuu tu. Lilipotolewa Januari 2018 huko Detroit, injini ikiwa imefanywa iwake lakini rangi iliyochakaa na vyuma vya kushikilia kamera chini ya bodi vikiwa mahali pake, liliingizwa katika rejista ile ile, na tarehe 10 Januari 2020 likauzwa mnadani Kissimmee, Florida, kwa dola milioni 3.4, au milioni 3.74 pamoja na ada. Pacha wake, lililotumika kwa mirusho, lilipatikana Baja California nchini Mexico likiwa bodi iliyopakwa rangi nyeupe, bila injini, na wenye nalo walikuwa wamepanga kuligeuza mfano wa gari la filamu nyingine kabla nambari yake haijatambuliwa. Kwa gari hilo la pili hapakuwa na cha kuhifadhi isipokuwa bati na nambari, na kulijenga upya ndiyo njia pekee iliyoachwa wazi.

Magari hayo mawili yanafundisha kwamba kipimo si ubaya wa sura. Gari linaweza kutisha kwa macho na bado likawa na rangi, viti, injini na karatasi zake zote. Lingine linaweza kung'aa na likawa limepoteza kila kitu cha kiwandani isipokuwa bamba la nambari. Hesabu ya fedha nayo hukinzana na matumaini ya wengi, kwa kuwa urejeshaji kamili huhitaji saa za kazi zinazozidi elfu moja, na kwa aina za kawaida gharama hupita bei ambayo gari litapata mnadani. Wako wanaochagua njia ya tatu, ya kuweka injini, breki na viti vya kisasa ndani ya bodi ya zamani. Kwa gari lililokwisha kuvurugwa hilo halina ubaya, ila kulifanyia gari kamili ni ufujaji, hata kama matokeo yake yanapendeza.

Kwa ushahidi uliopo, hukumu inayoelekea kusimama ni kwamba gari la misuli ambalo bado limebeba sehemu kubwa ya uso na viungo vyake vya kiwandani liachwe lilivyo, likitengenezwa breki, mfumo wa petroli, matairi na nyaya, na kutu yake ikizuiwa. Lile ambalo bati la mhimili limeoza, au limekwisha kupakwa rangi mara kadhaa na kubadilishiwa injini, lirejeshwe bila majuto na mabadiliko yake yaandikwe wazi ili mnunuzi wa baadaye asidanganywe. Na mwenye gari asiyejua lake liko upande upi aliondoe kwanza kwenye udongo na unyevu, alipige picha juu, ndani na chini, na kabla hajafungua bolti hata moja atafute karatasi ile chini ya viti na juu ya tangi.